Mahali pa Watu Wote: Dodoma na Bonde la Makutupora

Mwanafunzi akiulizwa habari za mji, aghalabu huanza kwa kutaja majumba: ofisi, benki, kanisa, msikiti. Ni nadra kumsikia akitaja nafasi iliyoachwa wazi kati ya majumba hayo. Walakini ni katika nafasi hiyo ndipo watu wasiojuana hukutana, na ndipo mji huonyesha umejengwa kwa ajili ya nani. Historia ya Dodoma yaweza kusomwa kwa kuifuata nafasi hiyo, na mwenye kuifuata hataishia katikati ya mji. Atashika barabara iendayo Kondoa, yapata kilomita 25 kuelekea kaskazini, mpaka Makutupora. (Hii si Makutupora ya Manyoni, mkoani Singida, ambayo jina lake limevuma kwa ajili ya reli mpya itokayo Morogoro.)

Zamani kaya za Wagogo zilijengwa mbalimbali, kila moja pamoja na mashamba yake. Nyumba yao, tembe, ilikuwa na kuta za miti na udongo, na paa la bapa lililofunikwa udongo vilevile. Vyumba vilifuatana kuuzunguka uga, na usiku ng'ombe walilala ndani ya uga huohuo. Mchana watoto waliucheza, wanawake wakatwanga nafaka, wageni wakapokelewa, na ngoma ikapigwa palipokuwa na sherehe. Nje ya kaya, watu wa koo mbalimbali walikutana hasa mahali pawili: chini ya kivuli cha mti mkubwa, na kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi. Mvua ya Ugogo ni yapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo maji ndiyo yaliyoamua watu wakutane wapi. Heshima ya mtemi nayo ilitegemea sana kazi yake ya kuitafutia nchi mvua, na misafara ya karne ya 19 iliyopita huko ililipa hongo ili ipate njia na maji. Watu wa pwani walikuwa na baraza, ambayo ni kiungo cha nyumba na ina mwenyewe. Kivuli cha mbuyu hakikuwa na mwenyewe.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikamalizikia Kigoma mwaka 1914. Mji uliozaliwa na reli hiyo ulipangwa kwa kutazama stesheni, na wakazi wake wakagawanywa kwa rangi zao. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali yakitajwa. Katika mji wa kikoloni nafasi wazi haikuwekwa ili watu wakutane. Mara nyingi iliwekwa ili wasikutane. Mfano ulio bora zaidi uko Dar es Salaam, ambako uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa ukanda wa kuitenga Kariakoo na mtaa wa Wahindi. Wananchi hawakuukubali mpaka huo. Waliufanya uwanja wa mikutano ya siasa na wa sala za Idi, na kilichokusudiwa kuwatenga kikawakusanya.

Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971 iliwahamisha Wagogo kutoka katika kaya zao zilizotawanyika, wakaingia katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Vijiji hivyo vilileta shule, zahanati na mabomba karibu na watu, na faida hiyo haifai kupuuzwa. Lakini nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja ikitazama barabara, na uga wa tembe ukapotea. Sidhani kama waliopanga mistari hiyo walijiuliza mambo yaliyofanyika ugani yangehamia wapi.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Mpango wa mji ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ukakamilika mwaka 1976. Ni mpango unaostahili kusomwa shuleni. Brasília, iliyozinduliwa mwaka 1960, ilikuwa imekwisha kuonyesha namna mji mkuu mpya unavyoweza kupangwa kuzunguka njia kuu pana ajabu, ambamo mtu aendaye kwa miguu huonekana kama sisimizi. Dodoma haikutakiwa iwe hivyo. Ilitakiwa iwe mji mkuu usio na majivuno, ambamo mwenda kwa miguu na abiria wa basi wanatangulizwa mbele ya mwenye gari, mitaa inaanzia katika nyumba kumi kumi, na vilima na makorongo yanaachwa yawe nafasi ya watu wote.

Wazo lilikuwa jema, lakini utekelezaji ulikuwa na mkono mzito. Ardhi ya eneo la mji iliwekwa chini ya mamlaka, na mtu aliyekuwa akilima hapo kwa haki ya babu zake aliweza kujikuta akihesabiwa kuwa amejenga bila kibali. Nafasi ya watu wote ikageuka nafasi ya mamlaka. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za ujenzi zikapungua. Serikali kwa sehemu kubwa ilibaki Dar es Salaam. Uhamiaji wenyewe ulishika kasi kuanzia mwaka 2016. CDA ikavunjwa Mei 2017, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Wizara zilijengewa mji wake Mtumba, mashariki ya mji wa zamani, mbali mno kwa mtu wa kutembea kwa miguu. Katikati ya mji umebaki Uwanja wa Nyerere, wenye sanamu ya Mwalimu, ambapo mtu asiye na fedha mfukoni aweza kukaa bila kuulizwa anangoja nini.

Lakini hakuna kivuli Dodoma pasipo maji, na kwa miongo mingi maji ya mji yametoka hasa katika visima virefu vya bonde la Makutupora. Kina cha maji ya chini ya ardhi huko kimepimwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ambayo mfano wake ni haba barani Afrika. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha matokeo ya miaka 55 ya vipimo hivyo. Walionyesha kwamba mvua ya kawaida hailijazi bonde. Maji hushuka polepole miaka mingi mfululizo, kisha hupanda kwa ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko yanapotuama bondeni na kuzama mchangani.

Kwa sababu hiyo bonde lenyewe ni nafasi wazi iliyo muhimu kuliko zote za Dodoma, ingawa halina benchi wala sanamu. Lina pampu za Mzakwe, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na kituo cha utafiti wa zabibu. Mwaka 2012 manispaa ya Dodoma ilihesabiwa watu 410,956. Mwaka 2022 jiji lilihesabiwa watu 765,179. Wote hao wanahitaji viwanja vya kujenga, na bonde tambarare lililo kando ya barabara kuu hupimika kwa urahisi. Mchanga uliofunikwa kwa saruji haunywi mafuriko, na mvua kubwa ijayo haina mwaka unaojulikana.