Jirani wa Mahindi

Nilikuwa darasa la tano bwana shamba alipofika kwa bibi, Marangu, akasimama ukingoni mwa bustani akatikisa kichwa. Mbele yake kulikuwa na mahindi, maharage yamepanda juu ya mabua, maboga yanatambaa chini, na mnavu uliojiotea wenyewe ambao bibi hakuruhusu mtu aung'oe. "Mama, hii ni vurugu," alisema. Mahindi yakae peke yake, kwa kamba, na maharage yapate kipande chake.

Msimu uliofuata bibi alitii, maana kamba ilikuja na mbegu za bure. Udongo ulioachwa wazi kati ya mistari ukakauka, magugu yakajaa, yeye na mama wakapalilia mara tatu pale walipozoea mara moja. Mwaka wa pili maboga yakarudi kimyakimya. Sikumbuki kama bwana shamba alirudi.

Haya yote yalinijia mwaka jana nikisoma kitabu cha zaidi ya miaka 100. Gilbert Wilson, mchungaji aliyekuwa akisomea anthropolojia Chuo Kikuu cha Minnesota, alikaa na mama mmoja wa kabila la Hidatsa huko Dakota Kaskazini, Marekani. Jina lake Maxidiwiac. Kwa Kiingereza wanamwita Buffalo Bird Woman. Yeye alieleza, mwanawe Goodbird akatafsiri, Wilson akaandika. Kazi ilitoka mwaka 1917, na siku hizi inauzwa kwa jina la Buffalo Bird Woman's Garden.

Usitegemee hadithi yenye kilele. Ni mama anayeeleza jembe lilivyotengenezwa, mbegu zilivyochaguliwa, shimo la kuhifadhia chakula lilivyochimbwa. Lakini nilikisoma kama riwaya. Alizeti ndiyo ilipandwa kwanza, pembezoni mwa shamba. Kulikuwa na mahindi, maboga na maharage, na jukwaa ambapo wasichana walikaa wakifukuza ndege huku wakiyaimbia mahindi. Pia alijua nani asikae karibu na nani: aina mbili za mahindi zikipandwa jirani huchanganyika, kwa hiyo kila aina ilitengwa. Sisi tunaita uchavushaji mtambuka na kuufundisha sekondari.

Halafu inakuja sehemu iliyonifanya nikifunge kitabu kwanza. Serikali iliwahamisha kutoka kijiji chao, ikawagawia viwanja, ikawalimia kwa plau huko juu kwenye nyika, udongo mgumu na mkavu, wakati wao walizoea ardhi laini ya bonde la mto. Maxidiwiac hakushawishika. Uzeeni alipeleka mahindi yake kwenye maonyesho ya kilimo, akapata zawadi ya kwanza. Ardhi ilikuwa imelimwa kwa plau, anakiri, lakini mengine yote aliyafanya kwa jembe la mkono, kama zamani.

Yaani bwana shamba wetu alikuwa na ndugu Dakota.

Sasa, ni rahisi kusema bibi yangu na Maxidiwiac walikuwa na bustani moja. Mimea karibu ni ileile: mahindi asili yake Mexico, hata kama jina tulilolipa linatupeleka India, na maharage na maboga mengi tunayolima nayo yalitoka Amerika, yakaja baada ya Wareno kuanza kupita pwani yetu. Ila ujuzi wa kuchanganya haukushuka melini pamoja na mbegu. Mtama na kunde ni mazao ya Afrika, na wakulima waliyapanda pamoja kabla mtu huku hajaona punje ya hindi. Wageni walikaribishwa kwenye mpango uliokuwepo.

Na tusiutie chumvi mpango wenyewe. Siku hizi utasikia kwamba maharage "yanayalisha" mahindi. Kweli, bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya maharage hunasa naitrojeni ya hewani, lakini sehemu kubwa maharage huitumia yenyewe. Mahindi hufaidi zaidi msimu wa pili, masalia yakiozea shambani. Faida ya papo hapo ni nyingine, ile aliyoijua bibi mgongoni: jani la boga linafunika ardhi, unyevu unabaki, magugu yanakosa jua.

Kichekesho ni kwamba Uchagani kwenyewe wataalamu walishaanza kubadili lugha. Mwaka 1984 watafiti walichapisha maelezo ya kihamba: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha kahawa, kisha magimbi na mboga, zaidi ya aina 100 za mimea kwa jumla. Wakauita mfumo wa ghorofa. Mwaka 2011 FAO ikautambua mfumo huo wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla.

Ninachomwonea wivu Maxidiwiac ni Wilson. Mimi kazi yangu ni kurekodi watu. Nimerekodi madiwani, wanamuziki, mtu aliyedai kufufua kuku. Bibi sikumrekodi hata dakika moja.

Hapa Tabata nina viroba vinne vya udongo barazani. Juzi nilimpigia mama, nikamuuliza kwa nini bibi aliuacha mnavu. "Ilikuwa mboga, mwanangu. Ulitaka tule nini mahindi yakiwa machanga?" Akaongeza kwamba maharage yalipandwa mahindi yakishatoka ardhini, yakafika kama gotini, maana yakitangulia yanayaangusha. Hilo nimeliandika. Nikamuuliza yale maharage yenye madoa mekundu yaliitwaje. Kimya kidogo, kisha akasema hakumbuki, nimpigie shangazi.