Akitoka rihabu, anarudi wapi?

1/ Kila kampeni ni vita dhidi ya chang'aa. Jamani, si tulishapigana! Sheria ya 1980 iliipiga marufuku. Mathare, ng'ambo tu ya Juja Road ukitoka Eastleigh, mapipa hayakupoa. Ile ya 2010 ikairuhusu kwa masharti. Mwaka 2015 ikawa misako, na walevi kupelekwa rihabu.

2/ Sawa, halafu? George Vaillant wa Harvard aliwafuatilia wanaume wa Boston kwa miongo kadhaa. Waliofikisha miaka 5 bila kuonja, ni nadra sana kurudia. Miaka 5! Sisi mtu anakaa rihabu miezi 3, kisha anashushwa steji ileile ya Eastleigh, kazi hana, mangwe palepale.

3/ Hiyo miaka 4 na miezi 9 iliyobaki, nani ameiwekea bajeti? Muulize anayekuomba kura.