Upepo wa Mungu, Kinu cha Nani?

Mwaka 1800 umati wenye hasira ulivamia duka la mwoka mikate George Green mjini Nottingham, Uingereza, kwa kuwa bei ya mkate ilikuwa haishikiki. Mwaka 1807 Green akajijengea kinu cha upepo juu ya kilima cha Sneinton, wakati huo kijiji nje ya mji: mnara wa matofali, mabawa manne, na juu yake kofia inayozungushwa kuufuata upepo huku mnara wenyewe umetulia tuli. Kibiashara alikuwa na akili. Lakini machoni pa mwenye njaa, mtu aliyeshukiwa kwenye mkate sasa ameshika na unga pia.

Waingereza walikuwa na mazoea ya kumshuku msagaji. Chaucer, katika hadithi zake za mahujaji wa Canterbury za karne ya 14, alimchora akiiba nafaka na kujitwalia ushuru mara tatu. Ushuru huo ulikuwa sehemu ya nafaka ya mteja, na aliyeshika kibaba ni msagaji mwenyewe. Bunge lilichelewa mno kuingilia: sheria ya 1796 ndiyo iliyowataka wasagaji wawe na mizani, watundike bei zao, na kwa kawaida walipwe fedha badala ya kuchota guniani.

Hata hivyo nadhani msagaji alibebeshwa mzigo wa wakubwa. Mwaka 1191 dekano mmoja, Herbert, alijenga kinu cha upepo karibu na abasia ya Bury St Edmunds. Alijitetea kwamba upepo ni wa wote na yeye anasaga nafaka yake tu. Abati Samson akawaka, kwa maana kila gunia lililopelekwa kwa Herbert lilikuwa gunia lisiloingia kwenye vinu vya abasia. Akaamuru kinu kibomolewe. Watu wake walipofika, Herbert alikuwa ameshakivunja mwenyewe. Kule St Albans mambo yalifika mbali zaidi. Abati Richard wa Wallingford, mtaalamu wa saa na nyota, aliwanyang'anya wenyeji mawe yao ya kusagia kwa mkono ili walazimike kulipia kwenye vinu vya abasia, kisha mawe yakatandazwa kuwa sakafu ya chumba cha maongezi. Katika maasi ya 1381 watu waliingia humo, wakaing'oa sakafu na kugawana vipande. Hasira ya namna hiyo haitokani na msagaji mwizi wa vibaba viwili vitatu.

Uajemi kuna simulizi ya zamani zaidi, na ndani yake kodi imo vilevile. Abu Lu'lu'a, fundi Mwajemi aliyemuua Khalifa Umar mwaka 644, husimuliwa kuwa alijua kutengeneza kinu cha upepo, na manung'uniko yake yalihusu kiasi alichotozwa kila siku. Ukienda leo Nashtifan, Khorasan, utaona vinu vya jadi hiyo: kuta ndefu za udongo na majani makavu, na kati yake mabawa ya mbao yamesimama wima kama milango. Nguzo yao huzungusha jiwe la juu moja kwa moja, bila gurudumu la meno. Kofia ya Sneinton haina kazi pale, maana upepo wa siku 120 huvuma kutoka upande uleule kiangazi chote. Msagaji wa Kiingereza alikuwa mtumwa wa upepo unaogeuka saa yoyote. Wa Nashtifan alingoja msimu, kama nahodha wa jahazi anavyongoja kusi.

Uholanzi ndiko msagaji alikopumua. Vinu 19 vya Kinderdijk, vingi vyake vya 1738 na 1740, havikusaga nafaka. Viliinua maji kutoka mashamba yaliyo chini ya kiwango cha mto. Msagaji aliishi humo na mkewe na watoto, akiitumikia bodi ya maji. Hakuna aliyemletea gunia, kwa hiyo hakuna aliyemhesabia. Hata mabawa yalipata kazi ya ujirani: bawa likisimamishwa kabla tu ya kufika juu, kuna furaha, likishapita juu kidogo, kuna msiba.

Kwetu, kwenye mashine ya kusaga, mteja hulipa taslimu, na bado husogea karibu na kuupigapiga mfuko wa kitambaa ili unga uliong'ang'ania udondoke wote kwenye ndoo yake.

Kichekesho cha Sneinton ni mtoto wa Green, George pia, aliyesoma shule kwa muda uliozidi mwaka mmoja kidogo tu na hakuipenda kazi ya kinu. Mwaka 1828 alichapisha kitabu cha hisabati ya umeme na sumaku. Watu 51 walijiandikisha kukinunua, wengi wao wa Nottingham na jirani zake, wasio na mizani ya kukipimia. Baada ya baba yake kufariki mwaka uliofuata, alikipangisha kinu. Wanafizikia hutumia hesabu zake hadi leo. Kinu kilisimama miaka ya 1860, kikaungua 1947, kikakarabatiwa na kusaga tena 1986. Unga wake huuzwa kwenye mifuko iliyokwisha kupimwa na kufungwa. Hakuna tena anayepanda kilima na ngano yake mgongoni.