Barua 385,000, majibu 93: historia ya "vitamini B17"

Mwaka 1978 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwaandikia barua madaktari 385,000 na wahudumu wengine wa afya 70,000. Ombi lilikuwa moja: kama unaye mgonjwa wa saratani aliyepata nafuu kwa dawa iitwayo Laetrile, tuletee kumbukumbu zake. Wakati huo ilisemekana Wamarekani zaidi ya 70,000 walikuwa wameshaitumia dawa hiyo, na mikutano ya wafuasi wake haikukosa watu waliosimama kutoa ushuhuda wa kupona. Yakarudi mafaili 93. Yaliyokuwa na maelezo ya kutosha yalikuwa 67. Jopo la wataalamu lilipoyapitia likakuta wagonjwa wawili ambao uvimbe wao ulitoweka, na wanne ambao uvimbe wao ulipungua.

Sita basi. Mwenye imani ataona watu sita waliookoka, naye hakosei kuuliza walipona vipi. Ila kuna swali linalotangulia hilo: sita kati ya wangapi? Aliyekufa hapandi jukwaani kutoa ushuhuda, na daktari wake hana cha kutuma kwa posta. Kwa mafaili yale, jopo lenyewe halikuweza kusema kama dawa ndiyo iliyofanya kazi. Ikabidi wapimwe wagonjwa wapya, wahesabiwe wote tangu siku ya kwanza, wanaopona na wanaokufa.

Dawa yenyewe ilikuwa na umri mkubwa. Mwaka 1830 wanakemia wawili wa Ufaransa, Robiquet na Boutron-Charlard, walitenga kutoka kwenye lozi chungu kitu walichokiita amigdalini. Kimo pia ndani ya mbegu za aprikoti, tunda dogo linalofanana na pichi. Huko Urusi amigdalini ilijaribiwa dhidi ya saratani kuanzia mwaka 1845, kisha ikaachwa. Iliyoirudisha ni familia moja ya San Francisco, Ernst Krebs na mwanawe wa jina hilohilo, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1950 walitoa dawa ya sindano waliyoiita Laetrile. Baba alikuwa daktari. Mwana aliitwa daktari, lakini shahada ya udaktari hakuwahi kuhitimu.

Nadharia yao ilivutia, na ni haki kuieleza vizuri. Amigdalini ikivunjwa na kimeng'enya fulani hutoa sianidi, ambayo ni sumu. Krebs walisema seli ya saratani imejaa kimeng'enya hicho, tena imepungukiwa na kingine kinachoizima sumu. Kwa hiyo sianidi ingeua uvimbe na kuuacha mwili salama. Vimeng'enya vilipopimwa, ilionekana seli za saratani hazitofautiani na seli nzima kwa namna hiyo. Na mwaka 1953 tume ya madaktari wa California ilikuwa imeshachunguza wagonjwa 44 waliopewa dawa hiyo, isione faida yoyote.

Hapo ndipo maelezo yalipobadilika. Katika miaka ya 1970 Laetrile haikuwa tena dawa inayoua saratani. Ilikuwa "vitamini B17", na saratani ikawa ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa unaugua ugonjwa unaojulikana, kama kiseyeye kwa aliyekosa vitamini C. Hajapatikana mtu aliyeugua kwa kukosa amigdalini. Lakini jina lilipendeza, na kisheria vitamini haibanwi kama inavyobanwa dawa.

Siwalaumu wagonjwa waliokimbilia huko. Tibakemia ya miaka ile ilikuwa kali kuliko ya leo, upasuaji wa titi uliondoa hata misuli ya kifua, na Wamarekani waliotoka kwenye kashfa ya Watergate hawakuwa na imani na serikali yao. Aliyeambiwa hakuna la kufanya alikuta Tijuana, ng'ambo ya mpaka wa Mexico, mtu wa kumpokea na kumpa tumaini. Alaska ilihalalisha Laetrile mwaka 1976, na majimbo zaidi ya 20 yakafuata. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sheria inayotaka dawa ithibitishwe inamlinda pia mgonjwa anayekaribia kufa. Mwaka uliofuata mwigizaji Steve McQueen, mwenye saratani ya utando wa mapafu, alivuka mpaka, akatibiwa kwa mchanganyiko uliokuwamo Laetrile, akaishukuru Mexico hadharani. Alifariki tarehe 7 Novemba 1980, baada ya upasuaji huko Ciudad Juárez.

Katika mkasa wote huu mtu ninayemfikiria zaidi ni mzee Kanematsu Sugiura. Alizaliwa Japani, na alikuwa amefanya utafiti wa saratani New York kwa miongo kadhaa. Kuanzia mwaka 1972, akiwa na zaidi ya miaka 80, aliwapima panya kwa amigdalini katika kituo cha Sloan-Kettering. Uvimbe wao haukuyeyuka. Lakini aliona kwamba waliopewa dawa hawakusambaziwa saratani mapafuni kwa wingi kama wenzao. Aliandika alichokiona, na hakuna aliyetilia shaka uaminifu wake. Wenzake walirudia jaribio wasipate matokeo hayo. Likafanywa jingine ambalo wapimaji hawakujua panya yupi amepewa nini, na humo tofauti haikuonekana. Wafuasi hulibisha jaribio hilo la kuficha hadi leo, na ofisa mmoja wa habari wa kituo, Ralph Moss, alifukuzwa kazi mwaka 1977 baada ya kudai kwamba matokeo ya Sugiura yanafunikwa. Mimi nalisoma hivi: jicho la mwaminifu nalo huona kile moyo unachotarajia. Ndiyo maana anayepima hufichwa jibu, hata awe nani.

Jaribio la wagonjwa wapya lilikuja chini ya Dkt. Charles Moertel wa Mayo Clinic, pamoja na vituo vingine vitatu, na matokeo yakachapishwa Januari 1982. Walikuwa wagonjwa 178, ambao kwao hapakuwa na tiba inayojulikana kufaa. Theluthi moja hawakuwa wamewahi kupata tibakemia, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wote walishaharibiwa nayo. Walipewa amigdalini kwa sindano, kisha vidonge, na juu yake chakula, vimeng'enya na vitamini ambavyo wafuasi wenyewe walivisisitiza. Uvimbe wa mgonjwa mmoja tu ulipungua kwa kiwango kinachohesabika, nao ukarudi kukua. Ilipofika miezi saba tangu kuanza, saratani ilikuwa imeendelea kwa wote. Nusu yao walikuwa wamefariki kabla ya kutimiza miezi mitano. Baadhi walionyesha dalili za sumu, na damu yao ikakutwa na sianidi inayokaribia kiwango cha kuua.

Sianidi hiyo watu wa kwetu tunaifahamu, ingawa hatuiiti hivyo. Ndiyo sumu ya muhogo mchungu. Mwaka jana mama mmoja jirani yangu alinionyesha ujumbe kwenye simu, unaosema muhogo unaponya saratani kwa sababu una B17, na kadiri unavyoliwa mbichi ndivyo unavyofaa. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa mbona Wamakonde wanaugua saratani kama sisi?" Sikuwa na la kuongeza. Kwa swali moja alikuwa ameipima nadharia ya San Francisco kwa watu wanaokula muhogo maisha yao yote.

Alijua pia jambo ambalo ujumbe haukulijua. Muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa au ukavundikwa, ukaanikwa, ndipo usagwe uwe udaga. Kisamvu hutwangwa kwanza, kisha kikachemshwa kwa muda mrefu. Kila hatua inaitoa ile sumu. Ikirukwa, kwa njaa au kwa haraka ya kuuza, na watu wakawa hawapati protini ya kuusaidia mwili kuizima, huja konzo: miguu inakakamaa ghafla, na haifunguki tena. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, wakimaanisha miguu iliyofungwa. Tarime ilipata mlipuko wake mwaka 1985. Kuna watu hadi leo wanaotembelea magongo kwa kitu kilekile ambacho simu inakiita vitamini. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mtu mzima akila mbegu mbichi ndogo za aprikoti zaidi ya tatu kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama. Kwa mtoto mdogo, hata moja ni nyingi.

Nasikia mara nyingi kwamba madaktari wanaikataa B17 kwa sababu imetoka kwenye mti. Sikubali. Mwaka 1952 Dkt. Clark Noble wa Kanada alitumiwa kutoka Jamaika majani ya ua la Madagaska, yaliyonywewa huko kama chai ya kisukari. Alimpa ndugu yake Robert, mtafiti. Panya wa Robert Noble hawakupungua sukari, lakini chembe nyeupe za damu yao zilianguka, wakawa wanakufa kwa maambukizi. Yeye na mwenzake Charles Beer hawakuificha habari hiyo mbaya. Waliifuata, wakapata vinblastini. Maabara nyingine ikapata vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako Denis Burkitt alikuwa ameeleza uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake, vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoingia katika tiba mnamo miaka ya 1960, na watoto ambao zamani wangezikwa katika miezi michache wakaanza kurudi nyumbani.

Ua lenyewe ni lile lenye rangi ya waridi au nyeupe linaloota mbele ya nyumba nyingi za pwani bila kumwagiliwa. Jirani yangu anayo safu nzima ukutani, na mbuzi hawaligusi. Hakuwahi kujua kwamba lina dawa ya saratani. Nilipomwambia, kitu cha kwanza alichouliza ni kipimo chake. Nikamweleza kwamba ni miligramu, kwa uzito au ukubwa wa mwili wa mtoto, ndani ya mshipa tu, kwa kuwa ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua, na kwamba majani hayo hayachemshwi nyumbani. Akayatazama maua yake kwa muda, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza karibu nayo.