Dhuluma za kingono hospitalini: Haki za mhudumu na wajibu wa mwajiri

MUUGUZI wa zahanati ya mbali hukabiliwa na hatari isiyoandikwa katika daftari la wagonjwa. Huenda akawa peke yake katika zamu ya usiku, na msimamizi wake ndiye mwenye kauli kuhusu uhamisho, likizo na mkataba wake.

Hali hiyo huwa nzito zaidi katika maeneo kama Banissa, kaunti ndogo iliyo katika Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia. Vituo vya afya viko mbalimbali na wahudumu ni wachache. Baada ya mashambulizi ya mwishoni mwa 2014, ambapo abiria 28 wa basi na wachimba mawe 36 waliuawa katika kaunti hiyo, wahudumu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Penye uhaba wa watumishi, anayedhulumiwa huogopa kulalamika, naye mkubwa huogopa kumpoteza mshukiwa.

Sheria yasemaje

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyowasilishwa bungeni na Bi Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge maalum, inamlenga mtu mwenye mamlaka anayerudia kumtongoza mwingine huku akijua kwamba hatakiwi. Adhabu yake, chini ya kifungu cha 23, ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili.

Kifungu cha 24 kinawataja wasimamizi na wafanyakazi wa hospitali. Anayetumia wadhifa wake kutenda kosa la kingono hufungwa kwa muda usiopungua miaka 10.

Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inahesabu kuwa dhuluma ombi la ngono linaloambatana na ahadi ya upendeleo au tishio kazini. Lugha, picha au mguso usiotakikana pia umo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atoe taarifa ya sera inayoeleza jinsi ya kulalamika, adhabu zilizopo, na jinsi jina la mlalamishi litakavyolindwa.

Hatua za kuchukua

Aliyebakwa anapaswa kufika hospitalini upesi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Matibabu hayapaswi kusubiri ripoti ya polisi. Ni vyema asioge, na nguo alizovaa azihifadhi katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huharibu ushahidi.

Daktari hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, kisha fomu ya P3 ya polisi. Iwapo mshukiwa anafanya kazi katika kituo hicho hicho, mwathiriwa anaweza kutibiwa kwingine, kwa mfano Takaba au Mandera mjini. Msaada hupatikana pia kwa kupiga simu nambari 1195 bila malipo.

Pale ambapo hakuna ubakaji, tarehe, maneno yaliyotamkwa na majina ya mashahidi yaandikwe mara moja, na ujumbe wa simu usifutwe. Mabaraza yanayosajili wauguzi, madaktari na maafisa wa kliniki yana uwezo wa kumwondolea mhusika leseni.

Maslaha si mahakama

Kaskazini Mashariki, mashauri mengi hupelekwa kwa wazee ili yamalizwe kwa maslaha. Fidia hulipwa kwa familia, na mara nyingi mwathiriwa mwenyewe hasikilizwi. Hata hivyo, mapatano hayo hayafuti kosa la jinai.

Funzo la Congo

Mashirika makubwa nayo yamewahi kuteleza. Mnamo Septemba 2021, tume huru iliyochunguza kampeni ya kupambana na Ebola mashariki mwa Congo kati ya 2018 na 2020 ilitambua washukiwa 83, wakiwemo 21 waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Wanawake walieleza jinsi walivyotakiwa kutoa ngono ili wapate kazi.

Kwa hivyo kinga huanza kabla ya lalamiko. Ajira na uhamisho visiamuliwe na mtu mmoja, zamu ya usiku iwe na watu wawili, na vyumba vya kulala wahudumu viwe na kufuli imara. Lalamiko lipokelewe na afisa asiye msimamizi wa mlalamishi. Uchunguzi ukianza, anayehamishwa kwa muda asiwe yule aliyelalamika.