Baraka, Bandari Isiyo na Ngome

Anayefika Baraka akitafuta mizinga ya kale au milango ya nakshi kama ya Zanzibar atarudi mikono mitupu. Mji huu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, hauna jengo la kukuambia umri wake. Una ghuba. Rasi ya Ubwari imejitokeza ndani ya Ziwa Tanganyika ikaukinga ufuko, basi maji ya ndani hutulia hata siku ambayo ziwa lenyewe, lenye kina cha hadi mita 1,470, limechafuka.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipopita mwaka 1858 waliidhani Ubwari kisiwa. Mpelelezi mwingine, Stanley, alilizunguka ziwa mwaka 1876, ikabainika kuwa imeshikana na bara. Ramani zikaiandika ghuba ile kwa jina la Burton, mtu ambaye hakujua kwamba ipo! Wavuvi wa Kibembe na wa Kibwari hawakuhitaji kuambiwa.

Wafanyabiashara wa Ujiji walivuka kuja upande huu kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Hawakuacha majumba, waliacha Kiswahili. Lugha hiyo ndiyo iliyompa jina mgeni mwingine. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara, akiwa na wapiganaji wa Cuba waliokuja kuwasaidia waasi wa Kongo, alivuka kutoka Kigoma, Tanzania, akashuka Kibamba, kusini mwa Baraka. Wacuba walijipa hesabu za Kiswahili kuwa majina: Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che, mkubwa wao, akajificha katika Tatu. Mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, wakaitwaa Baraka kwa kushambulia kutoka ziwani, na Novemba Tatu akarudi Kigoma kwa boti, vita vimemshinda. Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alibaki na milima; mwaka 1967 akaanzisha huko chama chake, PRP.

Vita vya 1996 vilipofika, watu walikimbilia maji yale yale, wakavuka hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Kuanzia 2005 meli zikaanza kuwarudisha. Wengine walishuka Baraka na watoto waliozaliwa kambini, waliokuwa hawajawahi kuliona ziwa kutoka upande huu.

Kwa hiyo ukifika, usiulize jumba la makumbusho liko wapi. Nenda ufukweni asubuhi, mitumbwi ikiwa imerudi na taa zake zimezimwa, akina mama wakianika ndagala juani. Msalimie mzee aliye karibu, kisha umuulize amelivuka ziwa mara ngapi, na kila mara alikuwa akikimbia nini.