Modemu ya mitumba na Wi-Fi ya meshi: Ya kukagua kabla ya kulipa

Modemu ni kifaa kinachopokea mawimbi yanayoletwa na kampuni ya intaneti, yawe yamepitia waya, mkongo wa faiba au minara ya simu, na kuyageuza yawe data ambayo tarakilishi, simu na runinga zaweza kuitumia. Kazi hiyo haifanywi na vifaa vya meshi. Meshi ni mfumo wa visanduku viwili au zaidi vinavyowekwa katika sehemu mbalimbali za nyumba, vikawasiliana vyenyewe kwa vyenyewe na kutoa mtandao mmoja wa Wi-Fi, wenye jina moja na neno la siri moja. Mtu huweza kutoka sebuleni hadi chumba cha juu bila mawasiliano kukatika. Anayenunua meshi ilhali hana modemu inayooana na laini yake ni sawa na aliyetandaza mabomba nyumba nzima kabla ya kuuliza maji yatatoka wapi.

Kosa hilo ni jepesi kutendeka kwa sababu madukani, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi kwenye vibanda vya mitaani, kila kisanduku chenye antena huitwa ruta. Swali la kwanza la mnunuzi kwa hivyo lisiwe bei, bali intaneti inaingia nyumbani kwa njia gani.

Aliyeunganishwa kwa faiba ndiye mwenye sababu ndogo kabisa ya kununua modemu ya mitumba. Kisanduku kinachopokea uzi wa faiba, ambacho aghalabu huandikwa ONT kwa chini, hutambuliwa na mitambo ya kampuni kwa nambari yake ya usajili. Kilichonunuliwa mtaani hakitambuliwi mpaka kampuni ikubali kukisajili, na kampuni nyingi hazikubali. Tena kuna la kuzingatiwa: visanduku vya aina hii kwa kawaida ni mali ya kampuni, na kinachouzwa huenda kilibebwa na mpangaji aliyehama. Mwenye faiba na atumie kisanduku alichowekewa, na akiba yake aielekeze kwenye meshi.

Zipo pia ruta za ADSL zilizotumika Uingereza, ambazo huvutia kwa umbo na kwa bei. Hizo ziliundiwa nyaya za shaba za simu ya mezani. Zikikosa tundu la kupokea waya wa kawaida wa mtandao, hapa nchini hazina kazi katika nyumba nyingi ila kukusanya vumbi. Vifaa vya Starlink, iliyoanza kuhudumu Kenya mwaka 2023, navyo hufungamana na akaunti ya mwenyewe. Muuzaji asipokiondoa kifaa katika akaunti yake, mnunuzi hawezi kukisajili.

Ni kwa anayetegemea minara ya 4G ambapo modemu ya mitumba huokoa pesa kwelikweli, na ni hapo pia ambapo uangalifu unahitajika zaidi. Safaricom ilizindua 4G Desemba 2014, na masafa ya megahezi 800 na 1800 yamekuwa nguzo ya huduma hiyo nchini. Jamii Telecommunications ilizindua Faiba 4G mwaka 2017 katika megahezi 700. Modemu isiyoyasikia masafa ya mtandao unaokusudiwa haitashika hata ikiwekwa chini ya mnara. Zilizoundiwa soko la Marekani ndizo za kuogopwa, kwa kuwa masafa mengi ya huko si ya huku, na hata megahezi 700 za Marekani zimegawanywa kwa mpango tofauti na 700 za hapa.

Jina la modeli pekee halitoshi. Herufi na tarakimu za mwisho ndizo zenye habari. Huawei B315s-22, kwa mfano, hupokea megahezi 800 na 1800 lakini haipokei 700, hivyo humfaa mteja wa Safaricom na haimfai wa Faiba. Modemu nyingine yenye jina la B315 na tarakimu tofauti baada ya kistari yaweza kuwa na masafa mengine kabisa. Kibandiko kilicho chini ya kifaa kisomwe, kisha modeli kamili itafutwe kwenye simu papo hapo dukani.

Kampuni nyingine hufunga modemu zake zisikubali laini ya mshindani. Dawa yake ni mnunuzi kwenda na laini yake mwenyewe yenye data, aitie na afungue tovuti kadhaa mbele ya muuzaji. Vijiti vya mawimbi visiaminiwe sana. Katika ukurasa wa mipangilio ya modemu huwapo kipimo kiitwacho RSRP, kinachoandikwa kwa nambari hasi: -85 ni mawimbi mazuri, ilhali -110 na kushuka ni hafifu. Kipimo hicho kichukuliwe tena nyumbani, kwa maana mawimbi ya katikati ya jiji si ya Kitengela.

Kasi ya tundu la waya nayo hutajwa sana na wauzaji. Tundu la megabiti 100 kwa sekunde latosha kabisa kwa nyumba inayolipia megabiti 20 au 50. Anayeongezwa bei kwa sababu ya tundu la gigabiti, ilhali huduma yake ni ya megabiti 20, anauziwa hewa.

Modemu ikishapatikana, kuna mgongano wa kuepushwa. Modemu nyingi ni ruta pia, na meshi nayo hutaka kuwa ruta. Zote mbili zikigawa anwani, michezo, kamera na simu za video huanza kusumbua. Kimoja kiachie. Ama modemu iwekwe katika hali ya daraja, ipitishe data tu, au meshi igeuzwe kuwa kituo cha kusambaza Wi-Fi pekee. Modemu nyingi za bei nafuu hazina hali ya daraja, hivyo njia ya pili ndiyo ya kawaida. Wi-Fi ya modemu yenyewe izimwe.

Meshi ya mitumba ina kikwazo chake: baadhi, kama eero, hubaki katika akaunti ya mwenye awali hadi azitoe. Zaidi ya hapo, visanduku viwili huzitosha nyumba nyingi za mtaani. Kuta za mawe na sakafu za zege hunyonya mawimbi, kwa hiyo kisanduku cha pili kisiwekwe chumbani ambamo mtandao haufiki, bali katikati ya safari. Pale inapowezekana kuviunganisha kwa waya, kasi huongezeka kuliko kwa kununua kisanduku cha tatu.

Lililo zito kuliko yote ni umri wa kifaa. Ruta iliyoachwa na mtengenezaji haipati tena marekebisho ya usalama, na anayeiteka huweza kumpeleka mwenye nyumba kwenye tovuti bandia ya benki au kutumia anwani yake kufanyia uhalifu. Mwaka 2018 kirusi cha VPNFilter kiligunduliwa katika vifaa vipatavyo 500,000 kwenye nchi zaidi ya 50. Mei 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuwa wahalifu wanateka ruta zilizokwisha muda wake, zikiwamo Linksys E1200 na E2500. Modeli ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia iachwe dukani hata ikiwa ya bure. Iliyonunuliwa ifutwe kwa kubonyeza kitufe cha ndani kwa sekunde 10 hivi, programu yake isasishwe, na neno la siri la msimamizi libadilishwe kabla ya kuunganishwa na chochote. Isiyo na ulinzi wa WPA2 walau, haifai.

Adapta nayo isisahaulike: volti zilingane na zilizoandikwa kwenye kifaa, ampea ziwe sawa au zaidi, na upande wa ukutani ikubali volti 240. Risiti ibebe nambari ya kifaa na idadi ya siku ambazo muuzaji amekubali kukipokea kikirudishwa.